Uji wa Sista Amparo

Mnyweshaji hunywa kwanza. Leo asubuhi mmeisikia ikisemwa wodini, mkacheka, mkadhani muuguzi amepewa ruhusa ya kumaliza maziwa ya wagonjwa. Sikuwalaumu. Hata mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka. Lakini kaeni, zamu ya mchana bado. Methali hii ina mwenyewe, na ilianza hivi.

Kulikuwa na nyumba ya masista nje kidogo ya Tukuyu, katikati ya mashamba ya chai. Kule mvua hunyesha hadi mtu anasahau rangi ya anga. Dobi wa nyumba hiyo aliitwa Subilaga, mama wa watoto wanne, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alikuwa akisema kwamba kufua si kazi, kazi ni kukausha. Jua likitoka hata kwa robo saa, ungemwona akikimbia na beseni kichwani huku akiwasukuma kuku kwa mguu.

Sista Amparo alifika hapo kutoka Hispania akiwa bado kijana, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Ni Subilaga aliyemfundisha, wakianika nguo pamoja. Mwaka wa pili Sista alikuwa ameshaweza kugombana na wauza ndizi sokoni na kushinda, ndipo akasema, "Sasa zamu yangu, Subilaga. Nikufundishe Kihispania."

"Chote?" Subilaga aliuliza. "Nina watoto wanne mimi. Nipe kitenzi kimoja tu, Sista, lakini kiwe kinachofanya kazi nyingi."

Sista alicheka hadi shuka likamponyoka matopeni. Akampa tomar. Kitenzi hicho ni kama kanga, huwezi kumaliza matumizi yake. Kwa tomar mtu hunywa chai, huchukua ndoo, hupanda basi, hushika njia, hupiga picha, na hata huota jua. Hilo la mwisho lilimfurahisha Subilaga kupita kiasi. Alisema watu walioweka chai na jua ndani ya neno moja lazima wawe na akili timamu.

Kwetu kitenzi hubadilika kichwani: ninakunywa, unakunywa, anakunywa. Kwao hubadilika mkiani. Basi Sista alibana vibanio sita kwenye kamba ya nguo, kila kibanio akakipa mtu wake. Yo tomo, mimi. Tú tomas, wewe. Ella toma, yeye. Nosotras tomamos, sisi. Vosotras tomáis, ninyi. Ellas toman, wao. Subilaga alikijua kitenzi kile kama Baba Yetu, isipokuwa kibanio cha tano. Hapo ulimi wake uliteleza kwa miaka thelathini mfululizo. Na kila ulipoteleza, Sista hakumwacha aendelee. "Rudi mwanzo," alimwambia. "Anza na mimi."

Miaka ikaenda. Masista wengine wa Kihispania walirudi kwao au walizikwa, wakabaki masista wazawa, na Sista Amparo mmoja tu, mzee, mwenye fimbo. Masika moja akapata kiharusi. Alipofumbua macho, Kiswahili chote kilikuwa kimemtoka. Kilichobaki ni lugha ya mama yake, na pale nyumbani hapakuwa na mtu wa kuijua. Siku ya kwanza aliongea sana, akiomba jambo lilelile kwa sauti ya kubembeleza. Siku ya pili aliongea kidogo. Siku ya tatu alifunga mdomo, asiongee, asile, asinywe.

Mganga wa zahanati, Bwana Lusekelo, alimpima akasema koo halina shida, kumeza anaweza. "Hataki tu," alisema. "Asipokunywa leo, kesho asubuhi itabidi tumpeleke Mbeya akawekwe mpira wa kulishia puani. Na barabara mmeiona ilivyobomoka. Sitaki kuwadanganya, sijui kama atafika."

Mama Mkuu Gaudensia alikwenda mbio hadi kwenye karo la kufulia. "Mama Subilaga, wewe unajua Kihispania. Kunywa wanasemaje?"

"Ukimwamuru mtu, toma," Subilaga alijibu bila kuinua macho, akaendelea kusugua shuka ambalo lilikuwa safi tangu jana.

Mniruhusu niseme wazi, maana nampenda Subilaga lakini hapa alikosea. Alikuwa anaogopa. Tangu rafiki yake aanguke hakuwahi kuingia chumbani mwake. Alijiambia kwamba dobi hana shughuli kwenye vyumba vya masista, lakini ukweli ni kwamba hakutaka kutazamwa na Amparo kama mtu asiyemjua. Kwa hiyo alitupa neno kama mtu anayetupia kuku mahindi, akabaki na povu lake.

Neno lile likaandikwa kwenye boksi, likabandikwa juu ya kitanda. Kila aliyeingia alisimama na kikombe akasema, "Toma, Sista! Toma!" Mama Mkuu alilisema kwa upole, mpishi kwa kelele, Bwana Lusekelo kwa mamlaka. Sista Leokadia, muuguzi kijana wa zahanati, alilisema huku akilia. Mgonjwa akageukia ukutani.

Saa sita mchana Leokadia alileta shuka chafu karoni. Lilikuwa na madoa ya uji, uji tu, kuanzia upande mmoja hadi mwingine. Subilaga alilitazama akajua kwamba kila kijiko cha siku ile kilikuwa kimeishia pale.

"Hajameza hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama. Wanaandaa gari."

Subilaga alifuta mikono kwenye kitenge, akachukua uji jikoni, vikombe vitatu na kijiko, akaingia. Hakusimama. Alivuta kigoda akakaa, hadi macho yake yakalingana na mto. Sista Amparo alimtazama, na kweli, kama alivyohofia, hakukuwa na dalili ya kumjua. Ilimuuma. Alitaka kutoka.

Badala yake akaanza pale alipozoea kuanza.

"Yo tomo," alisema, na kikombe kilikuwa mkononi mwake. Akaona itakuwa uongo kusema "mimi ninakunywa" na kutokunywa. Akanywa. Uji ulikuwa hauna sukari, akakunja uso.

Macho ya mgonjwa yalifuata kikombe.

"Tú tomas." Akapeleka kijiko. Midomo haikufunguka. Subilaga hakusukuma, akakirudisha. "Ella toma," akamnyooshea Leokadia kikombe cha pili.

"Mimi?" Leokadia alishtuka. "Ni uji wa mgonjwa!"

"Kunywa, mwanangu. Zamu yako imefika."

Leokadia akanywa. Mama Mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni na orodha ya vitu vya safari, akaingia bila kujijua.

"Nosotras tomamos," Subilaga aliendelea, akanywa tena. Kisha akafika kibanio cha tano. "Vosotras... vosotras toman."

Halafu kutoka kwenye mto ikatoka sauti kavu, yenye mikwaruzo, na yenye hasira kidogo.

"Tomáis."

Leokadia alishika mdomo. Subilaga akainua kikombe tena.

"Nimekosea, Sista. Ngoja nirudi mwanzo. Yo tomo." Akanywa. "Tú tomas."

Mdomo ukafunguka. Kijiko kikaingia, koo likapanda na kushuka. Mama Mkuu akaketi sakafuni na orodha yake.

Walizunguka hivyo zaidi ya mara ishirini, kijiko kwa kijiko, wanawake wote chumbani wakinywa. Raundi ya tatu mgonjwa alianza kutamka mwenyewe, na raundi ya tano akamkemea Mama Mkuu kwa matamshi mabaya. Kikombe kilipokwisha akalirudia lile ombi lake la siku ya kwanza, polepole: tomar el sol. Subilaga ndiye aliyelielewa. Akaangalia dirishani, mvua ilikuwa imekatika.

"Anaomba kuota jua!" alisema. "Tangu siku ya kwanza anaomba jua, nanyi mmemfungia mapazia!"

Wakambeba na kitanda chake hadi uwanjani. Bwana Lusekelo alimpima tena, akamwambia dereva arudishe gari bandani. Subilaga aliposikia mlango wa banda ukifungwa, alirudi karoni. Aligeuza beseni, akalikalia, akalia na kucheka kwa pamoja, akifuta kamasi kwa ncha ya kitenge, na wala hakuona haya.

Mama Mkuu akamfuata. "Niambie, Mama. Neno ni lilelile. Sisi tulilisema mara mia akakataa. Wewe una nini?"

"Sina kitu, Mama Mkuu. Mlianza na 'wewe' badala ya 'mimi'. Mlisimama juu yake na kikombe kilichojaa, mnamwamuru. Nami nilikuwa mbaya kuliko ninyi, sikuja hata kusimama." Akapenga kamasi. "Mnyweshaji hunywa kwanza."

Maneno hayo Leokadia aliyafikisha kwenye zahanati, na wagonjwa wakayapeleka vijijini. Siku hizi anaambiwa baba anayemhimiza mtoto shule na yeye hajashika kitabu, anaambiwa kiongozi anayehimiza watu kufunga mikanda na wake umelegea, na anaambiwa muuguzi anayemfokea mgonjwa akiwa amesimama mlangoni. Sista Amparo aliishi miaka minne zaidi. Kiswahili hakikumrudia. Subilaga alikwenda kwake kila siku na vikombe viwili, na kila siku alikosea kibanio cha tano. Leokadia alimuuliza siku moja kama kweli hajakijua hadi leo. "Nakijua tangu siku ile," Subilaga alisema. "Lakini nikipatia, atanisahihisha nini?"

Haya, zamu imefika, inukeni. Na yule wa kitanda cha nne anayekataa chai, msimpigie kelele. Vuteni kigoda, nendeni na vikombe viwili. Mnyweshaji hunywa kwanza.