Mkaja wa Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanafagia nyua zao kila asubuhi, aliishi mjane mmoja, Bi Digidigi, mwenye watoto watatu na bustani nyuma ya nyumba. Digidigi mnamjua. Msimamishe kando ya mbuzi, mbuzi ataonekana ng'ombe.

Jirani yake alikuwa Kiboko. Kila jioni Kiboko alitoka mtoni kwenda malishoni, na kuzunguka bustani ya watu ilikuwa kazi asiyoipenda. Masika yale alipita mara moja tu, gwatu, gwatu, gwatu, na mchicha, bamia na kunde zote zikawa rojo.

Digidigi akamfuata. "Jirani, zunguka kidogo. Watoto wangu watakula nini?"

"Miguu yangu mifupi," Kiboko akasema. "Zunguka wewe, na bustani yako."

Mnayasikia maneno hayo? Mimi mtu akinikanyagia tuta moja tu, siongei naye wiki nzima. Na Digidigi alibakiwa na kibuyu kimoja cha mbegu za kunde. Zikikanyagwa hizo, watoto watalala njaa mpaka mwaka ujao.

Kiangazi kilipoingia, akalima upya mpaka kwato zikamuuma. Akabeba samadi kwa kikapu, akazungushia uzio wa matete. Majirani wakamcheka. Matete ya kumzuia Kiboko?

Kiangazi hichohicho mke wa Kiboko, Somoe, akajifungua. Somoe alikuwa yatima, hana mama wa kumkanda wala wa kumpikia uji. Siku hiyohiyo Digidigi akapiga hodi, sufuria kichwani. Kesho akaenda, keshokutwa akaenda. Kumkanda Somoe mgongo tu kulimchukua asubuhi nzima. Mtoto akilia alimbembeleza, ingawa kumbeba asingethubutu.

Siku ya arobaini mtoto akatolewa nje, wageni wamejaa uani. Somoe akasema mbele ya wote, "Huyu hapa ndiye mama yangu."

"Kama ni mama, mkaja wake uko wapi?" akauliza Nyani kutoka nyuma.

Mkaja, wanangu, ni zawadi anayopewa mama wa mke. Kiboko hakuwahi kuutoa, maana alioa yatima. Akaona hapa ameponea kwa bei rahisi. Akachukua doti moja ya khanga, akampa Digidigi.

"Haya, mama mkwe," akasema, mdomo umejaa tikiti. "Akisimama simwoni, lakini mkwe ni mkwe."

Ua mzima ukacheka. Digidigi akaikunja khanga yake, akashukuru, akaenda kupanda kunde.

Mvua za vuli zikanyesha. Kunde zikachipua, majani mawili mawili, mororo. Jioni moja, gwatu, gwatu, gwatu, Kiboko huyo anakuja. Penye uzio akamkuta Digidigi amejifunga khanga ya mkaja.

"Karibu, mkwe wangu. Unapita uani kwangu bila hodi?"

Kiboko akaganda. Mkwe hapiti mbele ya mama mkwe hivihivi, na huko kwao hata kumtazama usoni ilikuwa aibu. Akageuza kichwa, akatia mguu vichakani, akazunguka na miiba yake.

Kesho yake akajaribu upande wa nyuma. Digidigi yuko hukohuko, anapalilia. "Karibu, mkwe wangu." Akazunguka tena.

Siku ya tatu akapata akili. Akafumba macho. Nisipomwona, akawaza, sijamvunjia heshima. Akaja hivyo hivyo mbio, kraaa, uzio chini. Mlio ukamshtua, akasimama. Kunde zilibaki hatua moja tu mbele ya mguu wake.

Digidigi hakupiga kelele. Alimtuma Nyani kwa Somoe na maneno mafupi: mkwe amemvunjia mama uzio.

Somoe akaja, mtoto ubavuni. "Mume wangu, uzio wa mama yangu?" Ukoo mzima wa viboko ulishasikia na ulikuwa unatazama kutoka mtoni.

Kiboko alirudi na mzigo wa matete mgongoni. Akajenga uzio upya siku mbili, na kwa aibu akachimba na mfereji wa maji.

Akiwa anachimba, amempa Digidigi mgongo kama mkwe anavyotakiwa, akauliza, "Mama, niambie kweli. Ulikuja kwa Somoe kwa kumpenda, au kwa hizi kunde?"

Digidigi akang'oa gugu moja. "Siku ya kwanza nilikuja kwa kunde," akasema. "Aliponiita mama, nikasahau kilichonileta. Niliona raha mno, mwanangu, mpaka nikaona haya."

Kiboko akachimba kidogo. "Na mimi nilipokupa khanga nilikuwa nakucheka."

"Najua. Haya, ongeza kina hapo, maji hayapiti."

Akaongeza kina.

Kunde zilipokomaa, kikapu cha kwanza kilikwenda kwa Somoe, cha pili kikaliwa na watoto watatu mpaka matumbo yakawauma.

Na mimi naishia hapo penye mfereji, wanangu: asiyezuilika kwa uzio huzuiliwa na undugu.