Ufito wa Penye Chemchemi

Hapo zamani, kabla viberiti havijapanda milimani, ukoo mmoja uliihama nchi yake iliyokauka, ukavuka vilima kutafuta makao mapya. Watu wale walikuwa na desturi yao: moto wa kijiji cha zamani haubebwi, kwa sababu hubeba na ugomvi wa zamani. Moto mpya hupekechwa palepale wanapofika, kwa uta na kijiti. Na anayeuwasha huchagua kiwanja kabla ya wote.

Katika safari ile alikuwemo msichana aitwaye Nakijwa. Alimbeba mama yake mgongoni kwa mkanda wa ngozi, maana miguu ya mama ilikuwa imepooza. Walipofika bondeni wakaiona chemchemi, na kando yake kiwanja kimoja tu, kizuri, kimeinuka kidogo. Nakijwa akakitazama, moyo ukabaki hapo. Kule walikotoka, mama alikunywa maji pale tu mtu alipomkumbuka.

"Mama, nakitaka kile," akasema.

"Nani asiyekitaka?" mama akajibu.

Mvua ilikuwa imewanyeshea njia nzima. Kuni zimelowa, nyasi zimelowa, watoto wanatetemeka. Mbonea, kiongozi wa safari, akakata ufito akasema, "Atakayetupa moto nitampa ufito huu, akauchomeke anapotaka kujenga."

Akatokea Senkondo, mwindaji. Kijiti na kibao alivichonga mwenyewe, akavifunga ndani ya ngozi visiingie maji. Akakizungushia kijiti ugwe wa uta, akakikandamiza kwa juu na jiwe lenye kishimo, akaanza kuvuta. Uta ukaenda, uta ukarudi. Uta ukaenda, uta ukarudi. Kibao kikatoboka, shimo likawa jeusi, moshi ukaanza kutoka. Mara ugwe ukakatika.

"Umeoza kwa mvua," Senkondo akasema. "Nani ana ngozi imara?"

Watu wakatazamana. Mama yake Nakijwa akafungua fundo la mkanda uliombeba. "Kateni huu."

"Mama, nitakubebaje?"

"Ukipata chemchemi, utanibeba kunipeleka wapi?"

"Na nisipoipata?"

Mama akamkabidhi Senkondo mkanda. "Basi ukipata zamu ya uta, vuta vizuri."

Senkondo akaupasua mkanda, akatoa ugwe mpya. Kilichobaki kisingeweza tena kubeba mtu. Lakini alipoushika uta, bega lake likagoma. Lilikuwa limekufa ganzi. Nakijwa akapiga magoti mbele yake.

"Nipe, mjomba."

"Kijiti si mchi, binti," mtu mmoja akamtania.

"Unga wa mchi huo unaula kila siku," Nakijwa akamjibu, akaanza kuvuta.

Senkondo akachuchumaa kando yake. "Polepole kwanza. Ukiona moshi, ongeza. Na usiinue kijiti kuchungulia, kitapoa."

Uta ukaenda, uta ukarudi. Viganja vikatoka malengelenge. Uta ukaenda, uta ukarudi. Malengelenge yakapasuka. Alitamani mno kuchungulia, walau mara moja. Hakuchungulia. Moshi ukawa mzito, hata unga mweusi uliomwagika kando ya shimo ukaanza kufuka wenyewe. Ndani yake mlikuwa na kaa, dogo kama punje ya mtama.

"Kitu kikavu kiko wapi?" akauliza.

Hapakuwa na kitu kikavu bonde zima. Ndipo akajitokeza Naetwe, mjane ambaye njia nzima walikuwa wakimcheka kwa tumbo lake lililotuna. Shangazi ana mimba ya uzeeni, walisema. Sasa akaingiza mkono ndani ya nguo, akatoa furushi la magome yaliyofikichwa mpaka yakawa laini kama nywele. Makavu kabisa. Akalipokea kaa, akalifunika, akapuliza taratibu. Akapuliza tena, machozi yakimtiririka kwa moshi. Magome yakashika. Moto ukawaka.

"Haya, nimejifungua," Naetwe akasema. "Njooni muote."

Wakaota, wakacheka, watoto wakaacha kutetemeka. Kisha Mbonea akauinua ufito. "Nani kauwasha?"

"Vifaa ni vyangu," Senkondo akasema. "Shimo nililichoma mimi. Hata mkono wa binti huyu niliuongoza mimi. Ugwe ungekuwa mzima, msingemtaja mwingine."

"Ninyi wawili mlitengeneza moshi," Naetwe akasema. "Nani ameivisha chakula kwa moshi? Mimi nimetembea nimejikunyata, nimelala nimekaa, ili magome haya yasilowe. Mkanicheka. Na nina wajukuu wasio na mama, nao wanakunywa maji kama wenzao."

Watu wakamgeukia Nakijwa.

"Mama yangu," akaanza, lakini mama akamkatiza.

"Usiombe kwa miguu yangu. Sema ulichofanya."

Nakijwa akafungua viganja vyake vilivyochubuka. "Mjomba alipoacha, kibao kilikuwa kimepoa. Shangazi alipopokea, kaa lilikuwa limeshawaka. Hapo katikati nilikuwepo mimi, na mkanda wetu. Nautaka ufito huo."

Hakulia, wala hakuinamisha macho.

Mbonea akawatazama wote watatu. Akaugeuzageuza ufito mkononi, asimnyooshee yeyote. Kisha akawageukia waliokuwa wakiota moto, nasi tunakugeukia wewe uliyesikia yote. Senkondo, Nakijwa au Naetwe: je, ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani ufito ule?