Hesabu ya Kobelo

"Kabla hujamfukuza bundi, hesabu panya." Nimewaona mkicheka mwenyekiti alipoisema leo kikaoni. Methali hii ilianza hivi, kwenye milima yetu hii hii. Semeni alikuwa bibi wa mama yangu, kwa hiyo nikimpendelea mnivumilie.

Mwaka mmoja panya walivamia kila ghala. Walimaliza mahindi ya chakula, wakamaliza na ya mbegu, wakatafuna hata mikeka. Ghala moja tu halikuguswa: la Semeni, mjane aliyeishi peke yake pembeni mwa kijiji. Na kwenye dirisha la ghala hilo alikaa bundi.

Jirani yake Kobelo akayaunganisha hayo mawili.

"Bundi ni ndege wa wachawi," alisema. "Panya wanakula vyetu, chake hawagusi. Nani kawatuma?"

Neno mchawi likishamkaa mtu, hata mema yake hugeuka ushahidi. Asubuhi moja wanakijiji wakamwendea na vijinga vya moto, wamchomee nyumba na kumfukuza.

Walimkuta anapepeta mahindi. Hakukimbia, akafungua mlango wa ghala.

"Ingia wewe, Kobelo. Si ndiye unayejua?"

Kobelo akaingia, akatoka mbio.

"Mifupa! Kajaza mifupa humu!"

Watu wakapiga kelele na kusogea na moto wao.

"Mifupa ya nani?" Semeni akauliza. "Rudi ukatazame meno."

Aliyeingia ni mzee Mkude, mkuu wa ukoo. Akatoka na kikapu cha mafuvu madogo madogo, kila moja na meno marefu ya mbele. Bundi alikuwa akimeza panya na kutapika mifupa yao. Mkude akakitua kikapu miguuni pa Kobelo.

"Hesabu. Kwa sauti."

Kobelo akahesabu. Alipofika mia mbili, vijinga vilishazimika. Alipofika mia tatu sauti ikamkauka, na kikapu hakijafika nusu. Hapo wanawake wakapiga vigelegele na kumbeba Semeni juu juu, kwa kuwa mbegu pekee ya kijiji ilikuwa mle ndani, nzima!

Akawagawia nyumba kwa nyumba. Kobelo alikuja wa mwisho, kichwa chini.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Na yule bundi... ana makinda?"

"Marahaba. Anao wawili. Kwanza katoboe dirisha kwenye ghala lako. Na wakilia, usije kuniamsha."

Tangu hapo, huku kwetu hakuna aliyejenga ghala bila dirisha. Na mtu akinyoosha kidole kumwita mwenzake mchawi, tunamwekea kikapu miguuni, tunamwambia: kabla hujamfukuza bundi, hesabu panya.