Hema la Mutwiri

"Maji yote huteremka, si yote yaendayo kwenu." Nilimwambia Murungi hivyo leo asubuhi, aliposema anaacha useremala aende mjini kwa sababu wenzake watatu wamekwenda na wamefanikiwa. Sasa nyote mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na ilianzia nyumbani kwetu, mwaka nilipoposwa.

Tulikaa mashariki mwa Mlima Kenya. Baba, aliyekuwa mpagazi, alikuwa ameshafariki, na kaka yangu Mutwiri ndiye aliyebaki mwenye boma. Kwetu wageni wa posa hupokewa langoni na mwenye boma. Asipokuwepo, hurudi na posa yao, na hawaji tena. Wangu walikuwa waje Jumamosi.

Jumatano Mutwiri akachukua shanta la Baba na hema.

"Nakwenda kuliona ziwa alilokuwa akilisimulia, kabla sijasimama mahali pake. Ijumaa jioni niko hapa."

"Peke yako?" Mama akauliza.

"Baba alinifundisha, Mama. Ukipotea, fuata maji."

Mama akamkubalia. Mito yote tuliyoijua ilitoka mlimani ikapita kwetu.

Alhamisi alilifikia ziwa, akapiga hema kando ya jiwe kubwa. Ijumaa alfajiri aliacha uji sufuriani, akapanda ukingo wa juu kutazama upande wa pili. Ukungu ukamfunika. Akageuka, akashuka polepole, akalikuta ziwa: maji meusi, mimea mirefu yenye majani kama kabichi, jiwe kubwa. Hema halikuwepo.

Alilizunguka jiwe mara tatu. Hakuona hata tundu la kigingi. Mwizi gani huyu, akawaza, anayepanda kote huku kuiba hema, kisha anafukia matundu? Akawashuku wapagazi aliopishana nao njiani. Akaita, hakuna aliyeitika. Hapo akakumbuka maneno ya Baba, akatafuta mahali maji yanapotokea ziwani, akayafuata.

Maji yaliteremka vizuri, naye akateremka nayo hadi msituni. Lakini kila alipotarajia daraja la miti alilolivuka akipanda, halikuwepo. Jioni ukungu ulipoondoka, akasimama ameduwaa. Jua lilikuwa mbele yake, likizama kwenye nyanda.

Mzee mmoja alikuwa akishusha mzinga wa nyuki mtini. Mutwiri akamsalimu kwa Kimeru. Mzee akajibu kwa Kiswahili.

"Kijana, mbona unalitazama jua kama limekukosea?"

"Mzee wangu, kwetu jua huzama nyuma ya mlima."

"Huku huzama mbele. Siku zote."

"Lakini nimefuata maji!"

"Na yamekufikisha yanakokwenda. Wewe ni wa wapi?"

Mutwiri akamtajia kijiji chetu. Mzee akaweka mzinga chini, akacheka hadi akashika kiuno. "Basi umeuvuka mlima, mwanangu! Ziwa lako liko upande ule. Hili ulilofuata maji yake ni letu." Kisha akaona uso wa kijana, akaacha kucheka. "Kuna nini?"

"Kesho dada yangu anaposwa."

Asubuhi mzee alimsindikiza hadi barabarani, akampandisha lori la viazi linalozunguka mlima.

Kwetu wageni walifika saa sita. Walisimama nje ya lango hadi saa tisa. Mama aliwapelekea maji, nao wakakataa kuyanywa. Mimi nilikuwa nimeketi jikoni, nikisikia msemaji wao akisema, "Tumeshajibiwa. Twendeni." Nikatoka nje. Kila mtu alikuwa ametazama mlimani, na Mutwiri akatokea nyuma yetu, barabarani, nywele zimejaa vumbi la viazi.

"Karibuni nyumbani," akasema, akihema. Akafungua lango.

Walipokwisha kuketi, akaeleza yote. Hakuna aliyemkemea. Mama akasema, "Baba yako hakukudanganya. Ila yeye alianzia ziwa letu. Maji yote huteremka, mwanangu, si yote yaendayo kwenu." Msemaji wa wageni akacheka kwanza, wenzake wakafuata. Ndipo wakanywa maji.

Wiki iliyofuata Mutwiri alipanda na wale wapagazi aliowashuku. Hema lilikuwa limesimama palepale, uji umeganda sufuriani. "Mwizi wako hata hakuonja," mmoja akamwambia.

Kwa hiyo, Murungi, sikukatazi kwenda. Wenzako huenda walifuata njia nzuri. Nakuuliza tu, wewe unaanzia ziwa lipi? Maji yote huteremka, si yote yaendayo kwenu.