Sahani ya Bi Raudha

Mficha maradhi kilio humuumbua. Methali hii husemwa sana misibani, tena na watu ambao wenyewe wana uvimbe kwapani na hawajamwambia mtu. Maana yake haihitaji mwalimu. Ugonjwa unaweza kuufungia ndani, ukaupamba kwa udi na visingizio, lakini kifo hakina adabu ya kubisha hodi. Kitakutoa hadharani siku usiyoipenda. Waliolishuhudia hili kwa macho yao ni wazee wa Makazi ya Faraja, pembezoni mwa Temeke.

Faraja yalikuwa makazi mapya ya wazee, yanayoendeshwa na halmashauri. Wazee walikaa mmoja mmoja au wawili wawili, kila chumba na mlango wake na ufunguo wake. Kilichokuwa cha wote ni jiko. Mpishi wao, Bupe, alikuwa mwanamke wa Tukuyu, mnene wa mwili na mwepesi wa ulimi. Kila mchana alifungua dirisha la jiko, akagonga mwiko kwenye sufuria, na wazee wakajongea na sahani zao. Aliyechelewa alikiona.

"Nyie, asiyefika dirishani namfuta! Namrudisha kwao!" alipaza sauti, na wazee wakacheka mpaka meno machache waliyobakiwa nayo yakaonekana.

Walicheka, lakini walisikia. Mzee mmoja aitwaye Polikarpo alipoanza kushindwa kutembea, gari lilikuja asubuhi likamchukua, na hakuonekana tena. Hakuna aliyethubutu kuuliza amepelekwa wapi. Wazee walijumlisha wenyewe, wakapata jibu lao: mguu ukikataa kukufikisha dirishani, unaondolewa.

Miongoni mwao walikuwamo Bi Mwanaasha na Bi Raudha, Wazaramo, wake wenza wa marehemu Mzee Kondo. Ujanani walirushiana maneno na hata vyungu. Mume alipofariki, wakatambua kwamba hakuna mwingine duniani anayekumbuka alivyokuwa akikoroma, na tangu hapo wakawa chanda na pete. Chumba chao kilikuwa kimoja, na ugomvi wao uliobaki ulikuwa wa nani ameficha ugoro wa mwenzake.

Basi ikatokea Bi Raudha haonekani dirishani. Bi Mwanaasha alikuja na sahani mbili.

"Mwenzangu anaswali," alisema.

Kesho yake alisema mwenzake amelala. Baadaye hakusema neno, alinyoosha sahani tu.

Bupe angelipuuza jambo hilo, lakini mpishi huzitazama sahani zinaporudi. Bi Raudha alikuwa mwanamke wa adabu za kipwani. Akila samaki, miiba aliipanga ukingoni mwa sahani, na tonge moja la wali alilibakiza, kwa kuwa kukomba sahani aliona ni ulafi. Sasa sahani ya Bi Mwanaasha ilirudi na miiba yake, na ya Bi Raudha ikarudi haina punje wala mwiba. Hata kichwa cha samaki hakikuwapo. Tena kunguru, ambao siku zote walishinda jalalani, walihamia juu ya paa la chumba kile, wakakaa kimya. Anayewajua kunguru wa Dar na makelele yao ataelewa kwa nini ukimya ule ulimtia Bupe baridi.

Mchana mmoja, jua likiwa la utosi na uwanja ukiwa mtupu, alikwenda kupiga hodi. Mlango ulifunguka kiasi cha uso wa Bi Mwanaasha. Moshi wa udi ulimpiga puani, na nyuma ya udi kulikuwa na harufu nyingine, tamu na mbovu, kama ya embe lililosahaulika kabatini. Ndani gizani, mtu alikuwa ameketi kitandani, amefunikwa kanga kuanzia kichwani, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo, bibi Raudha," Bupe aliamkia.

Bi Mwanaasha aliinua upindo wa kanga yake akaziba mdomo. Kisha sauti ikaja, nyembamba, ya mbali: "Marahaba, mwanangu."

Yule wa kitandani hakutikisika.

"Chakula chetu unakipenda, bibi?"

"Mno," sauti ilijibu, na safari hii Bupe aliliona koo la Bi Mwanaasha likipanda na kushuka.

Bupe aliruka nyuma. Hakuaga. Alirudi jikoni mbio, kanga yake mkononi, na kabla jua halijazama makazi yote yalikuwa yameshajua kwamba Bi Mwanaasha ana jini, na jini huyo anakula sahani ya mwenzake. Tangu hapo hakuna aliyepita karibu na mlango ule. Woga wao ukawa kufuli, na wao wenyewe ndio walioifunga.

Hapakuwa na jini. Aliyeketi kitandani alikuwa Bi Raudha, hai, ila sauti haimtoki. Alikuwa na kisukari, na kidonda kidogo cha unyayo, alichokipata kwa kukanyaga kizibo cha soda, kilikuwa kimepanda hadi juu ya kifundo cha mguu. Kilipoanza tu kunuka, alimshika mke mwenzake mkono.

"Niapie, dada. Wakijua watanipeleka alikopelekwa Polikarpo. Mie niache nife nakuona."

Bi Mwanaasha aliapa. Alipenda, ndiyo sababu. Aliogopa kuamka asubuhi akakuta kitanda cha pili kitupu. Basi akafunga kidonda kwa vipande vya kanga, akafukiza udi, akaitikia salamu kwa niaba ya mgonjwa. Chakula kilichomshinda mgonjwa kumeza aliwatupia kunguru kwa dirisha la nyuma.

Homa ilipozidi, Bi Raudha akawa anatazama pembeni mwa chumba na kunong'ona, "Mpishe Kondo akae." Bi Mwanaasha alijisogeza kwenye mkeka ili kumridhisha. Siku moja alijisogeza, na mkeka ukabonyea mahali pasipokuwa na mtu. Aliuona kwa macho yake. Hata hapo hakuita mtu, maana alikuwa ameapa.

Siku ya pili yake Bupe alishindwa kuvumilia, akamwendea Theonest, muuguzi msimamizi wa makazi.

"Kaka, chumba kile kuna mgonjwa, au kuna kitu. Mie peke yangu sirudi."

Theonest aliinuka papo hapo. Walikuwa katikati ya uwanja wakati kunguru wote waliporuka kwa pamoja kutoka juu ya paa, bila mlio. Kisha kilio cha Bi Mwanaasha kikapasua mchana.

Theonest alifungua vitambaa mguuni mwa marehemu, akakitazama kidonda, akavifunga tena taratibu.

"Bibi, kidonda hiki kingeoshwa mapema, pengine angepona. Mbona hukutuambia?"

"Mngemwondoa."

"Tumpeleke wapi?"

"Alikopelekwa Polikarpo."

"Mzee Polikarpo alichukuliwa na mwanawe, bibi. Yuko Bukoba na wajukuu zake."

Bi Mwanaasha alimgeukia Bupe. "Si wewe, mwanangu, uliyesema asiyefika dirishani anafutwa?"

Bupe alichuchumaa mbele yake. "Ulikuwa utani, bibi yangu! Asiyeweza kutembea tunampelekea chakula kitandani. Ndiyo kazi tuliyoajiriwa."



Msibani, akina mama walimzunguka Bi Mwanaasha, wakauliza kama waombolezaji waulizavyo, "Aliugua nini, dada yetu?"

Bi Mwanaasha alijifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Kidonda," alisema. "Kilikuwa kidogo, punje ya hindi ni kubwa. Mie ndiye niliyekifunika."

Kisha akaangua kilio mbele ya watu wote, na kila mmoja alijua sasa kwamba mficha maradhi kilio humuumbua.