Kiti cha Enzi Kitopeni

Wewe uliyeanza kutikisa kichwa kabla sijafungua kinywa, acha. Juzi muuza mchele alikwambia mchele wake hauna mawe, ukamwamini, ukavunja jino. Leo nakuletea jambo lililotokea, unaniuliza nani aliona. Kaa chini, na mguu huo utoe njiani.

Hapo zamani, katika mji wa Sambwe, palikuwa na Sultani jina lake Hamadi, mtu wa tumbo kubwa na haraka ndogo. Waziri wake alikuwa Badru, na nyumba zote za mtaa wa Kitopeni zilikuwa za Badru huyo. Basi ikawa mjumbe wa Kitopeni katika baraza la Sultani amefariki, mzee aliyekaa barazani umri wake wote bila kusema neno ila “Naam, Maulana.” Watu wa mtaa wakamchagua Bi Mashavu binti Haji ashike nafasi yake. Bi Mashavu alikuwa mjane mkaanga mihogo, hana mbele wala nyuma, karai lake la kuazima na kuni zake za kuokota. Ulimi tu ndio ulikuwa wake mwenyewe.

Na desturi ya Sambwe ni kwamba atakaye kuingia barazani husimama kwanza mbele ya Sultani, akataja anachoutakia mtaa wake. Bi Mashavu akasimama, akafunga kibwebwe, akasema, “Maulana, twataka kisima karibu. Twataka kodi isipande kila mwezi unapoandama. Twataka tabibu amtazame mgonjwa kwanza, ndipo autazame mkono wake una nini. Twataka mwalimu wa watoto, wa kike na wa kiume. Na tope lile litolewe, maana limekwisha kula viatu vyetu na mbuzi mmoja mzima.”

Waziri Badru akacheka hata kilemba kikalegea. “Maulana, hii si hoja. Hii ni mahari ya binti wa mfalme wa majini.”

Kisha akainama sikioni pa Sultani akanong’ona. Waziri alikuwa na mpwa wake, kijana mzito wa kufikiri, aliyetaka kumweka barazani. Na nyumba za Kitopeni alitaka kuzibomoa ajenge zizi la ngamia. Ngamia mwenyewe hakuwa na hata mmoja, ila alisikia wakubwa wa nchi nyingine wanao.

Sultani akasema, “Ewe bibi, baraza letu halipokei hoja kwa tenga. Chagua moja. Na hiyo moja nikikupa, nisisikie tena Kitopeni ikilalamika, si kwa maji, si kwa kodi, si kwa tope. Nikisikia, nafasi hii ni ya mpwa wa waziri, na nyumba zenu zitavunjwa. Nenda, urudi Alasiri na jibu.”

Bi Mashavu akarudi Kitopeni akawakuta majirani wamejaa uani, akawaeleza, na pale pale ugomvi ukawaka. Mzee Kondo, fundi wa vikapu, alitaka kodi. Bi Chausiku aliyekuwa na mguu umevimba alitaka tabibu.

“Tabibu atakutibia wapi, na nyumba imevunjwa?” akauliza Mzee Kondo.

“Na wewe kodi utailipa vipi umekufa kwa kiu?”

“Mimi sifi kwa kiu, mwanamke. Nitakufa kwa maneno yako.”

“Basi hicho ni kifo cha bure, hakina kodi,” akasema Bi Chausiku, akageuka upande mwingine na mguu wake. “Nyie mnahangaika kuchagua. Yule bwana angelala hapa usiku mmoja tu, angechagua mwenyewe.”

Bi Mashavu, aliyekuwa akiwasonya wote wawili, akaacha. Akamwambia Bi Chausiku, “Dada, mguu wako mbovu lakini kichwa kizima,” akachukua kanga yake akaondoka.

Alasiri akafika mbele ya Sultani. “Maulana, nimechagua moja. Naomba Kiti chako cha Enzi kiwekwe chumbani kwangu, Kitopeni, wala kisiondoke mpaka niseme mwenyewe kwamba nimetosheka.”

Baraza zima likacheka. Waziri akasema, “Mpe, Maulana. Masikini anataka kukitazama.” Sultani akaapa mbele ya watu kwamba amempa, na wachukuzi wakakibeba kiti wakatoka nacho.

Sasa sikiliza. Sambwe ilikuwa na desturi ya kale, kila mtu aliijua, kama unavyojua jina la babu wa babu yako: unalijua na huna kazi nalo. Sultani wa Sambwe hali, halali wala hahukumu ila pale kilipo kiti chake. Akila mbali nacho, usultani umemtoka. Kiti hakikuwahi kuvuka lango tangu enzi za babu yake, kwa hiyo Sultani hakukumbuka neno. Watumishi ndio walikumbuka. Kiti kilipopita jikoni, mpishi akajitwika sufuria akakifuata. Kilipopita ukumbini, mtandika kitanda akabeba mito akafuata. Mpiga siwa akafuata na baragumu lake la enzi, na paka wa jumba nao wakafuata, kwa sababu ya mpishi.

Jua lilipotua Sultani akapiga makofi. “Chakula ki wapi?”

“Chakula kimefuata kiti, Maulana,” akajibu bawabu.

Ndivyo Sultani Hamadi alivyoingia Kitopeni kwa miguu, akafika chumbani na kiatu kimoja.

Bi Mashavu akamkaribisha vizuri, akamtandikia kitanda chake cha kamba, mwenyewe akaenda kulala kwa Bi Chausiku. Asubuhi Sultani akaita, “Bibi, maji ya kuoga yapo?”

“Yapo, Maulana. Yapo kisimani.”

“Na kisima ki wapi?”

“Waona kilima kile? Si hicho. Cha nyuma yake.”

Maji yakaja adhuhuri, nusu mtungi, na chura ndani. Sultani akaoga alivyooga, akamwita mpiga mbiu, akaamuru kisima kichimbwe Kitopeni tangu siku ile.

Kiti nacho kikawa kinazama. Sakafu ya chumba ilikuwa tope lililokauka juu tu, na kila Sultani alipokaa kuhukumu, kiti kilishuka kidogo. Na desturi ni kwamba mwenye shauri asiwe juu kuliko Sultani. Basi watu wakaanza kwa kuinama, wakaja wakapiga magoti, na mwisho wakawa wanalala kifudifudi wanashitakiana habari za mipaka ya mashamba huku wanatema mchanga. Kadhi mmoja mnene akalala hivyo akapitiwa na usingizi. Sultani akaamuru mitaro ichimbwe na kifusi kimwagwe mtaa mzima.

Kisha akaja Feruzi, mtoza kodi wa waziri. Feruzi alikuwa ameagizwa na bwana wake asimtazame mpangaji usoni, maana wapangaji hulia, na Feruzi alikuwa na moyo. Akaingia ameinamisha kichwa, akanyoosha mkono. “Kodi.”

“Wanijua mimi ni nani?” akauliza Sultani.

“Wote huuliza hivyo.”

“Mwenye chumba ni Bi Mashavu.”

“Aliyelala kitandani ndiye mpangaji. Halafu imepanda.”

“Imepanda lini?”

“Sasa hivi, nilipoingia. Waziri amesema chumba kikipata kiti kipya kodi ipande, nami naona miguu ya kiti.”

“Kiti hiki ni changu.”

“Ndiyo nasema. Wenye vitu vyao ndio wagumu wa kulipa.” Na kwa kuwa Sultani hachukui fedha mfukoni, kwani masultani hawana mifuko, Feruzi akatoka, akapanda juu ya paa, akaanza kung’oa makuti kama alivyofanya kwa kila asiyelipa. Mvua nayo haikungoja kualikwa.

Sultani akaamuru, akiwa na sinia kichwani, kwamba kodi ya Sambwe haitapanda tena kwa neno la mwenye nyumba peke yake, na paa la mpangaji lisiguswe.

Baridi ikamwingia kifuani. Akajikongoja hadi langoni mwa jumba lake, ambako tabibu hukaa. Bawabu mpya akamuuliza, “Watoka wapi?”

Sultani hakuweza kusema uongo mbele ya lango lake. “Kitopeni.”

“Wa Kitopeni wangoje nyuma ya kibanda. Na tabibu huona malipo kwanza.”

Akangoja nyuma ya kibanda, akikohoa pamoja na wenzake, hata bawabu mkuu alipokuja akamtambua kwa kikohozi akaanguka chini. Mpiga mbiu akapata kazi tena.

Waziri Badru alipoona amri zinashuka hivi, akaja mbio Kitopeni na mpwa wake na watu wa mashoka. Akalala kifudifudi kama desturi, akasema, “Maulana, uliweka sharti. Ulisema usisikie tena malalamiko. Nami kila siku nasikia malalamiko kutoka Kitopeni: maji, tope, kodi, kikohozi. Bibi huyu ameshindwa. Toa ruhusa tuvunje.”

Mzee Kondo akaanza kukusanya vikapu vyake.

Sultani akamgeukia Bi Mashavu. “Ewe bibi, wasemaje?”

“Waziri asema kweli, Maulana. Malalamiko yamesikika. Ila nimuulize: ni ya nani?”

Waziri akainua kichwa, akafuta tope puani.

“Tangu kiti kije,” akasema Bi Mashavu, “hakuna mtu wa Kitopeni aliyepata nafasi ya kulalamika. Tukiamka, Maulana amekwisha kulalamika. Tena kwa sauti nzuri kuliko zetu, na mpiga siwa yuko nyuma yake.”

Kisha tumbo la Sultani likaanza kutikisika, kicheko kikapanda, akacheka mpaka kiti kikazama tena kidogo. Akamwambia waziri, “Badru, Kitopeni haijalalamika. Nafasi ya barazani ni ya bibi huyu. Nyumba hazivunjwi, na paa hili utaliezeka wewe kwa mkono wako, mpwa wako akushikie ngazi.” Mpwa akauliza ngazi ni nini, na kwa hilo hakuulizwa tena jambo lolote Sambwe.

Watu walipokwisha kutawanyika, Sultani akasema kwa upole, “Bi Mashavu, mama yangu, sasa tamka lile neno. Sema umetosheka, nikalale kwangu.”

Bi Mashavu akahesabu kimoyomoyo. “Bado mwalimu.”

“Nitamleta kesho.”

“Basi kesho nitatosheka.”

“Na leo je?”

“Leo Maulana ajifunike hadi kichwani. Mbu wa hapa hawajui cheo cha mtu.”

Akachukua kanga yake, akatoka, akaufunga mlango.