Ngata ya Ngwali

Hamali mmoja, jina lake Ngwali, alikuwa na shingo nene na sauti isiyojua kunong'ona. Alibeba magunia ya nafaka katika ghala la tajiri mmoja karibu na stesheni ya reli, na mwenzake wa kumtwika na kumtua alikuwa Makungu. Mnajua wenyewe, gunia kubwa mtu hajitwiki, wala hajitui. Hamali hutwikana wawili wawili, na aliyekutwika ndiye anayekungoja mwisho wa safari akutue.

Walikuwa na desturi yao hamali wale. Wakionewa, mmoja waliyemchagua huvua ngata yake, ile pete ya kitambaa inayokaa kichwani chini ya mzigo, akaiweka mlangoni pa tajiri. Hapo wote huvua zao, na gunia halisogei mpaka yeye aiokote. Mwaka ule tajiri alipoyanenepesha magunia, Ngwali aliiweka ngata yake mlangoni akaketi kando yake, juani. Akaletewa askari, hakuondoka. Akaahidiwa unyapara, hakuitika. Njaa iliwauma wote, watoto wao wakalala kwa uji mwepesi, lakini tajiri ndiye aliyechoka kwanza, na magunia yakarudi kama zamani.

Basi watu wakasema, mtu kama huyu anaipoteza sauti yake ghalani. Aende barazani kunakotungwa sheria za mji. Wakampigia kura, akapita. Siku ya kumuaga wakafanya kosa ambalo hamali peke yao wangeweza kulifanya, tena walilifanya kwa mapenzi. Walimpa ile ngata aende nayo, wakaapa kwamba tangu siku hiyo, wakionewa, itawekwa juu ya meza ya baraza tu, na ghalani hatachaguliwa mtu mwingine. Makungu alilia kwa furaha.

Jamani, msimhukumu haraka. Kule barazani Ngwali alisema, tena alisikika. Kwa sauti yake hamali walipata bomba la maji na kibanda cha kupumzikia. Lakini kiti cha baraza kilikuwa cha mbao ngumu, na vikao vilikuwa virefu. Siku moja mgongo ulimuuma, akaichukua ngata akaikalia. Leo tu, alijiambia. Mazoea yana taabu, ndugu zangu. Kikao kilichofuata akaikalia tena. Hamali wakija na shida zao, akawaambia wavute subira, mambo ya baraza yana taratibu zake, na kila alipowaambia hivyo aliamini anasema kweli.

Hata matajiri wakaleta hoja yao: gunia liongezwe uzito, na iwe sheria. Makungu, ambaye shingo yake ilikwisha kupinda, alimwendea Ngwali nyumbani akamwambia kwamba gunia hilo likija litamzika. Ngwali akamshika mkono, akamwambia asihofu.

Siku ya hoja hamali walikuja na magunia vichwani, wakasimama uani mbele ya madirisha ya baraza, na wenzao waliowatwika wakawa pembeni. Walisema hawatui mpaka waione ngata mezani. Jua likapanda. Ngwali aliona magoti yao yanavyotetemeka, akatokwa na jasho yeye aliyekaa kivulini. Mwenyekiti akamwinamia, akamnong'oneza kwamba atakayevuruga kikao leo atatolewa barazani moja kwa moja. Ngwali akawaza: nikitolewa, nani atawasemea? Wazo hilo lilifanana na hekima, akalishika. Akaenda dirishani, akawaomba wangoje kidogo, jambo lao litaundiwa kamati.

Makungu hakuweza kuinua uso kwa uzito wa mzigo. Alisema akiitazama ardhi.

"Ngwali, miaka yote nilikuwa nikikutua. Leo nitue mimi."

Neno hilo lilimchoma. Alirudi kitini, akaivuta ngata, akaibwaga mezani mbele ya wote. Lakini ilikuwa imebapa kwa kukaliwa, hata tundu lake la katikati lilikuwa limezibika. Wale wa dirishani waliitazama, wasiitambue. Walingoja kuona ngata, wakaona mto wa kiti. Karani wa baraza, mtu mwenye adabu zake, akadhani mheshimiwa amejisahau. Akauokota, akaupangusa, akaurudisha kitini taratibu. Mikono ikanyooshwa, hoja ikapita, na Ngwali bado anatafuta maneno.

Alitoka uani mbio, mikono ameitanguliza amtue Makungu. Makungu alimpita. Alikwenda kwa hamali aliyemtwika asubuhi ile, akatuliwa, na wengine nao wakatuliwa na wenzao mpaka magunia yote yakawa chini. Kisha Makungu akavua ngata yake, imelowa jasho, akaiweka kwenye ngazi za baraza, akaketi kando yake juani. Hamali wote wakavua zao wakaketi. Ngwali akapeleka mkono kichwani kwa mazoea ya zamani, asikute kitu.

Nawe unayewasemea wenzio, hebu inuka kidogo utazame: umekalia nini?